Kona Iliyoondoka na Mjukuu Wangu

Mwaka ni elfu mbili na ishirini na nne, majira ni masika, na usiku wa jana niliota kwamba kona ya sebule ya mwanangu imeondoka na mjukuu wangu akiwa ndani yake.

Nitaieleza ndoto hii kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa kuandika insha: kwanza mahali, kisha watu, kisha mambo yenyewe.

Mahali ni Kihonda, Morogoro, nyumbani kwa mwanangu. Watu ni watatu. Wa kwanza ni mimi, niliyesoma kwa masista kule Usangi, Upareni, wakati ambapo mwanafunzi alisimama wima na sentensi yake ikasimama wima pia. Wa pili ni Winfrida, mke wa mwanangu. Wa tatu ni Nakijwa, binti yao, mwenye umri wa miaka minane, ambaye mama yake amemwachisha shule tangu Januari ili amfundishe nyumbani. Sababu aliyoitoa ni kwamba darasa lilikuwa na watoto wengi kama siafu, na mwalimu hakujua hata jina la mtoto.

Sikupinga. Nilitazamia kwamba masomo yangeanza kesho yake. Kumbe kabla ya masomo kuna kona.

Sisi tulijifunza herufi kwa kuandika mchangani kwa kidole, na mchanga haukuwahi kutuuliza tunajisikiaje. Winfrida alinunua zulia la herufi, maboksi ya plastiki, tufe la dunia linalowaka taa, saa ya mchanga ya rangi ya waridi, na mto mmoja mnene unaoitwa mto wa hisia, ambao mtoto anatakiwa aukumbatie anapokasirika. Kisha akabandika vibandiko. Kiti kiliandikwa KITI. Dirisha liliandikwa DIRISHA, kwa ajili ya yeyote aliyekuwa akilidhania kuwa ng'ombe.

"Mama, wataalamu wanasema kona ifuate mwanga wa asili," aliniambia juzi, akilisukuma kabati langu la vyombo hadi ukutani.

"Wataalamu gani?"

"Wa kwenye simu, Mama."

"Wana watoto, hao?"

"Mama nawe!"

Akaendelea kunisomea. Kila kitu kiwe na mahali pake. Vitu vyote viwe katika kimo cha mtoto. Mtoto achague mwenyewe anachotaka kujifunza. Nilimsikiliza hadi mwisho, kwa kuwa nimelelewa, kisha nikaenda kulala.

Sasa ndoto.

Nimeketi sebuleni nachambua maharage. Ni alasiri. Nakijwa yuko katika kona yake, anaandika. Jua lililokuwa likiingia dirishani linaanza kusogea, na kona inakohoa.

"Samahani, Bibi," inasema kona. "Mwanga unahama. Nalazimika kuufuata."

"Fuata," naiambia, nikidhani ni maneno tu.

Kona inajibandua. Inatoka na kipande chake cha ukuta wa kulia na kipande chake cha ukuta wa kushoto, na rafu, na zulia, na mtoto. Ina miguu mifupi iliyonenepa kama ya kochi. Inapita mlangoni kiubavu, kwa adabu, bila kugusa pazia, na kuondoka.

Sebule ilibaki na pembe tatu. Ilikuwa inaonekana kwamba haijazoea.

Nikaenda jikoni. Winfrida alikuwa ameegemea jokofu, macho yake kwenye simu.

"Mama Nakijwa, kona imeondoka na mtoto."

"Nimeiona ikipita, Mama. Inafuata mwanga. Wanasema hiyo ni dalili nzuri."

"Na jua likizama?"

"Hilo lipo kwenye video ya pili. Bando limekatika."

Nilichukua mwavuli wangu nikatoka. Tulifundishwa kwamba jua halizimi. Linapozama kwetu huwa linawaka kwa wengine. Kona inayofuata mwanga haitalala. Itauvuka mlima Mindu, itaingia nchi za mbele na za mbele yake, na mjukuu wangu hatakuwa na usiku tena, wala kitanda, wala bibi. Ilinipasa kumfikia kabla jua halijagusa mlima. Hayo niliyaelewa mara moja, na nashangaa kwamba mtu mwenye shahada kama Winfrida hakuyaelewa.

Langoni palikuwa na boksi la plastiki, limesimama kama askari, na mfuniko wake limeuvaa kama kofia.

"Kibandiko chako," likasema.

"Sina kibandiko. Nina jina."

"Vitu yote lazima ipangwe. Wewe unakaa rafu gani?"

"Vitu vyote lazima vipangwe," nikalisahihisha.

Boksi liliinamisha mfuniko kwa aibu, lakini wajibu ni wajibu. Lilinitazama kuanzia kilemba hadi kandambili. Sikuwa kalamu. Sikuwa rangi. Sikuwa kifaa cha kuhesabia. Baada ya kufikiri sana lilinibandika kifuani kibandiko chenye neno VINGINEVYO, likanitia ndani.

Ndani mlikuwa na kifuniko cha kalamu kisicho na kalamu, kitufe cha kijani na betri iliyokwisha.

"Karibu," ikasema betri. "Utazoea."

"Umekaa hapa muda gani?"

"Tangu nilipokwisha."

Mimi, niliyekuwa nikisoma masomo ya Jumapili mbele ya kanisa zima bila kukwama, nimewekwa pamoja na kitufe! Nikauinua mfuniko kwa ncha ya mwavuli, nikatoka kwa upande wa pili. Betri ilinitakia heri kwa sauti ndogo. Haikujaribu kunifuata, kuna viumbe ambavyo huridhika na rafu.

Upande wa pili dunia ilikuwa imeshushwa.

Mawingu yananigusa kiunoni. Nyaya za umeme zinapita magotini. Milima ya Uluguru, ambayo kwa kawaida mtu huitazama kwa kuinua uso, imepangwa kwenye rafu ya chini kabisa, kati ya chemshabongo na rangi za maji.

"Nani ameishusha milima?" nauliza.

"Vitu vyote viwe katika kimo cha mtoto," inajibu rafu. "Tafadhali inama."

"Mtoto asipoinua uso atakua vipi?"

"Hilo lipo kwenye video ya pili," inasema rafu.

Nilitembea nimeinama, mimi ambaye Sista Adelinda alinipiga rula mgongoni hadi nikanyooka, na nimebaki nimenyooka hadi leo. Niliiona kona mbele yangu, ndogo, ikitambaa kuelekea magharibi, na kichwa cha Nakijwa kikionekana juu ya rafu. Nilimwita. Hakugeuka. Tangu Januari amekuwa hivyo hata tunapokuwa macho: mkimya, na ukimwita anachelewa, kama mtu anayesikiliza jambo jingine. Mama yake huuita utulivu, na hujivunia.

Kisha barabara ilikuwa korido, na korido ilikuwa imejaa watu wazima waliopanga foleni. Wote walikuwa wamevaa vizuri na wote walikuwa na wasiwasi.

"Ninyi ni nani?"

"Masomo," wakajibu kwa pamoja.

"Na mnangoja nini?"

"Tuchaguliwe," akasema aliyekuwa mwisho. Alikuwa Historia. Alikuwa amesinzia kwa kusimama, na buibui alikuwa amemfungia utando kati ya bega na ukuta. "Mtoto huchagua mwenyewe. Juzi alipita karibu sana na mimi."

Sayansi alikuwa ameshika keki. Jiografia alikuwa akipuliza maputo. Kiswahili, lugha niliyoiheshimu maisha yangu yote, alikuwa amepaka midomo rangi na anacheza kwa kutikisa mabega.

"Kiswahili! Unafanya nini?"

"Ninavutia, Bibi."

"Rudi ndani ukanawe midomo."

Akarudi, maskini, akikusanya viambishi vyake vilivyokuwa vimemwagika sakafuni. Sikumsaidia. Lugha inayojirahisisha hivyo hujiokotea yenyewe.

Wa mbele kabisa alikuwa Hisabati, mwanamume mrefu mwenye suti, na mkononi askrimu iliyokuwa ikimtiririkia hadi kwenye kiwiko. Yeye peke yake alikuwa na furaha.

"Amenichagua mimi," akasema. "Leo hii. Nimemuuliza saba mara nane, na akajibu palepale."

"Akajibu sawasawa?"

"Sawasawa kabisa. Ndipo mambo yalipokwama." Akalamba askrimu kwa huzuni. "Nenda ukaone mwenyewe, Bibi. Mimi kazi yangu ni kuuliza tu."

Korido iliishia kwenye mteremko wa Mindu. Jua lilikuwa limebakiza kiasi cha kiganja kuufikia mlima. Kona ilikuwa ikipanda taratibu, inahema, na nikaifikia, nikashika ukingo wa ukuta wake wa kushoto.

Nakijwa alikuwa ameketi kwenye zulia la herufi, mgongo umenyooka, penseli imelazwa sambamba na daftari. Juu ya kichwa chake, hewani, kulikuwa na Hamsini na Sita.

Alikuwa mkubwa, wa mviringo, na alikuwa akitoka jasho.

"Shikamoo, Bibi," akasema Nakijwa.

"Marahaba. Inuka twende nyumbani."

"Siwezi, Bibi. Kipindi hakijaisha."

"Nani anasema?"

"Mimi," akasema Hamsini na Sita.

Nikamtazama. "Wewe ni jibu sahihi?"

"Sahihi kabisa. Unaweza kunihakiki."

Nikamhakiki. Alikuwa sahihi. "Basi teremka, mwanafunzi aketi, kipindi kiishe. Ndivyo tulivyofanya sisi."

"Ameshaketi, Bibi. Kwa zulia hili, mtu hawezi kuketi zaidi ya hapo."

"Sasa unangoja nini?"

"Makofi," akasema. "Mtoto anadai."

Hapo sina budi kueleza. Katika shule ile aliyoachishwa Nakijwa, mtoto anapopata jibu mwalimu husema, "Mpigieni!" Darasa zima hupiga makofi matatu mepesi kwa pamoja, hunyamaza kidogo, kisha hupiga moja zito linaloshtua njiwa kwenye paa. Watoto huyaita makofi ya kilo. Niliwahi kuyasikia nilipompelekea mtoto sweta, nikayadharau, nikaondoka zangu. Lakini sasa nilitazama kona ile yote, na zulia lake na tufe lake na vibandiko vyake, nikaona kasoro yake. Darasa lile la watoto kama siafu lilikuwa na kitu ambacho duka alikonunua Winfrida halikuuza. Lilikuwa na viganja.

"Pigeni makofi!" nikaviamuru vifaa.

Tufe la dunia likazunguka kwa fadhaa. Lina nchi zote na halina mkono. Saa ya mchanga ilisema kwamba yeye ana kiuno tu. Mto wa hisia, ambao angalau ulijaribu, ulijigonga zuliani, na ikatoka sauti ya mtu anayeshusha pumzi.

"Nakuelewa," mto ukamwambia Nakijwa.

"Hakuna aliyekuuliza," nikauambia.

Nikageuka, na nyuma yangu alikuwa Winfrida. Alikuwa amepata bando. Alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, anatupiga picha za video.

"Mama Nakijwa, mpigie mtoto makofi. Upesi! Jua linazama."

"Natamani, Mama, lakini nikishusha simu haitaonekana kwamba nilikuwepo."

"Mikono yako ina kazi gani nyingine duniani?"

"Mama, usogee kidogo kulia. Unaziba mwanga."

Nilisogea kushoto.

"Wewe je, Bibi?" akauliza Hamsini na Sita kutoka juu. "Naona una viganja."

"Mimi sipigi makofi," nikasema. "Katika shule yetu, ukipata jibu, Sista alisema 'Keti,' nawe uliketi. Jibu sahihi ni wajibu. Mtu hapigiwi makofi kwa sababu ameoga. Mkianza kuwapigia kwa saba mara nane, watakapojua kugawanya kwa desimali mtawachinjia ng'ombe?"

"Mimi sibishani nawe, Bibi," akasema Hamsini na Sita. "Mimi naning'inia tu."

Jua likagusa mlima.

Kona ikainua mguu wa mbele. Nikahisi ukuta unanitoka mkononi, plasta inateleza chini ya vidole vyangu. Winfrida akasema picha imetoka vizuri sana, rangi ya dhahabu. Nikapiga kelele kwamba kona isimame, nikatumia wakati ufaao na nafsi ifaayo. Haikusimama. Ilisema kwa upole kwamba inasikitika, lakini imeandikiwa ifuate mwanga, na kwamba mimi nimeandikiwa Vinginevyo.

Ndipo Nakijwa alipoinua uso. Alinitazama kwa namna ambayo hajanitazama tangu Januari.

"Bibi," akasema, "nilipata?"

"Umepata."

"Sijasikia."

"Nimesema umepata, mwanangu!"

"Nimekuona ukisema, Bibi. Sijasikia."

Nimebakiwa na hoja nyingi. Zote ni nzuri, zote zimepangika, na ningeweza kuzitetea mbele ya mkaguzi yeyote wa elimu. Naziweka chini pamoja na mwavuli.

Napiga la kwanza. Viganja vyangu ni vikavu, sauti inatoka kama ya kuni inayovunjwa. Hamsini na Sita anashuka kidogo.

Napiga la pili. Kona inasita, mguu wake ungali hewani.

Napiga la tatu. Kona inaushusha mguu. Mlima unasubiri, jua linasubiri, hata Winfrida anateremsha simu hadi kidevuni. Hamsini na Sita yuko usawa wa nywele za mtoto sasa, amefumba macho, yuko tayari kutua. Nakijwa ananyamaza, kama wanavyonyamaza darasani kabla ya lile la mwisho, na uso wake umefunguka wote.

Nainua mikono.

Mvua ikaangukia mabati yote kwa mara moja, nikaamka.

Nilikuwa nimeketi kitandani katika mwanga wa alfajiri, mikono imeinuliwa mbele ya uso kama mtu anayetaka kumkamata mbu. Niliishusha. Nilijiambia kwamba haya ndiyo matokeo ya kula mihogo ya kukaanga usiku, nikavaa, nikatoka.

Sebule ilikuwa na pembe zake zote. Kona ilikuwa mahali pake, zulia na tufe na upuuzi mwingine wote. Winfrida alikuwa akimimina chai, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, na mtu fulani mwenye meno mengi alikuwa akimweleza kutoka humo umuhimu wa mimea ya ndani.

"Umeamkaje, Mama?"

"Salama. Mpunguze sauti huyo bwana, tunaanza siku."

Nilikunywa chai yangu. Ndoto ni ndoto. Sijawahi kumhadithia mtu ndoto zangu, na sikukusudia kuanza uzeeni. Winfrida alikuwa ameanza kunieleza mahali atakapoweka mmea, kati ya dirisha na ukuta, ili mtoto apate hewa safi. Nikamwambia kwamba nje ya nyumba kuna hewa nyingi na haina chungu. Akasema, "Mama nawe!"

Nakijwa aliweka penseli yake chini. Alitoka katika kona, akaja hadi mezani, akasimama mbele yangu na mikono nyuma, kama wanavyosimama mbele ya mwalimu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Una nini?"

"Bado lile zito."

Winfrida alitutazama, kwanza mtoto, kisha mimi, kipande cha mkate kikiwa kimezama katika kikombe chake.

"Lipi hilo zito?" akauliza. "Mama? Lipi?"

Niliweka kikombe mezani, nikapangusa viganja kwenye kanga, kimoja baada ya kingine, nikamlipa.